Filamu Iliyolinda Maneno Ikapoteza Sauti: Kisa cha Fifty Shades of Grey

Filamu ya Fifty Shades of Grey, iliyotokana na riwaya ya E L James yenye jina hilohilo, iliingia katika majumba ya sinema ya Marekani tarehe 13 Februari 2015, siku moja kabla ya Siku ya Wapendanao, baada ya kuonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la filamu la Berlin. Iligharimu dola milioni 40 hivi, na ilipomaliza kuonyeshwa ilikuwa imeingiza takriban dola milioni 570 duniani kote. Anayeipima kwa fedha peke yake hana kisa cha kuchambua. Zipo, hata hivyo, takwimu nyingine mbili zinazosimulia habari tofauti. Watazamaji wa Marekani waliohojiwa na kampuni ya CinemaScore walipokuwa wakitoka ukumbini waliipa alama ya C+, nao hawakuwa wahakiki wa magazetini. Walikuwa watu waliolipa kiingilio kwa hiari yao katika siku ya kwanza kabisa. Tena, mapato ya nchini humo, ambayo yalifikia dola milioni 85 katika mwisho wa juma la kwanza, yalishuka hadi milioni 22 hivi katika ule uliofuata, yaani karibu robo tatu yake ilitoweka ndani ya siku saba. Filamu iliyowagusa watu haianguki namna hiyo, kwa sababu waliotangulia kuiona huwavuta wenzao.

Ninachotaka kukichunguza ni kuvunjika moyo huko. Maelezo mepesi yalitolewa mapema, kwamba riwaya yenyewe ilikuwa dhaifu na kwa hiyo filamu haikuweza kuwa na afya. Siyakubali. Riwaya nyingi za kiwango cha wastani zimezaa filamu nzuri, na watu waliokusanywa kuitengeneza hii walikuwa na uwezo usio na shaka. Kwa maoni yangu, filamu iliharibika kwa sababu mwandishi na watengenezaji hawakukubaliana juu ya maana ya kuwa mwaminifu kwa kitabu, na mkataba uliowafunga pamoja ulimpa kila upande nguvu za kutosha kuuzuia upande wa pili, bila kuupa wowote nguvu za kuikamilisha filamu yake. Mwandishi alisimama kuyalinda maneno yake. Hakuna aliyesimama kuilinda sauti iliyokuwa ikiyasema, nayo ndiyo iliyowavuta wasomaji.

Ili hoja hii ieleweke, inafaa kukumbuka jinsi kitabu kilivyozaliwa. E L James, mwanamke wa London aliyekuwa akifanya kazi katika televisheni, alianza kukiandika mtandaoni chini ya jina la bandia, kikiwa hadithi ya shabiki iliyowachukua wahusika wakuu wa Twilight, mfululizo wa riwaya za mapenzi kati ya msichana na mnyonya damu, na kuwaweka katika mapenzi ya watu wazima. Alikichapisha sura moja baada ya nyingine, mbele ya wasomaji waliokuwa wakisubiri na kumjibu. Baadaye aliwabadilisha wahusika majina, na mwaka 2011 shirika dogo la uchapishaji la Australia likakitoa kama kitabu cha kielektroniki na cha kuchapwa kwa oda. Mwaka 2012 kampuni ya Vintage ilinunua haki zake, na kufikia mapema mwaka 2014 vitabu vitatu vya mfululizo huo vilikuwa vimeuza zaidi ya nakala milioni 100.

Chimbuko hilo liliacha alama katika kila ukurasa. Hadithi inasimuliwa na Anastasia Steele mwenyewe, katika nafsi ya kwanza na wakati uliopo, kwa hiyo hakuna tukio linalomfikia msomaji kabla halijapita katika kichwa cha msichana huyu anayehitimu chuo kikuu. Anashangaa, anajikemea, anajicheka, anaogopa, anatamani, kisha anaona haya kwa kutamani. Ndani yake wamo wasemaji wawili, mungu mke wa ndani anayecheza na kurukaruka kila ashiki inapopanda, na dhamiri inayomtazama juu ya miwani kwa kumlaumu. Wahakiki waliwacheka sana wasemaji hao, na kwa kweli mwandishi anawaita mara nyingi kupita kiasi. Lugha ya riwaya hii ina marudio yanayochosha na sitaitetea. Hata hivyo, nadhani waliocheka hawakuona kwamba makelele hayo ya ndani ndiyo yaliyokuwa yakimshika msomaji mkono. Mwanamke aliyekisoma kitabu hiki ndani ya basi au kitandani hakuwa peke yake na mambo ambayo huenda hakupata kuyazungumza na mtu yeyote. Alikuwa na mwenzake anayeshangaa kama yeye, tena anayemwambia kila kinachompitia moyoni.

Kampuni za Universal na Focus Features zilinunua haki za filamu mwezi Machi 2012. Studio kadhaa zilikuwa zikikitaka kitabu hicho, na mwenye bidhaa inayogombaniwa huweka masharti yake. James alipata nafasi ya mtayarishaji pamoja na Michael De Luca na Dana Brunetti, waliokuwa wameitayarisha The Social Network, na alipata usemi ambao waandishi wa riwaya ni nadra kuupata Hollywood. Sioni kosa katika kuutaka kwake. Historia ya tasnia hiyo imejaa waandishi waliouza kazi zao kisha wakaziona zimegeuzwa wasizitambue, na yeye alikuwa na mamilioni ya wasomaji aliohisi anawajibika kwao. Inashangaza kidogo kwamba mwandishi wa kwanza wa skripti, Kelly Marcel, ndiye aliyekuwa ameshiriki kuandika Saving Mr. Banks, filamu inayohusu jinsi P. L. Travers, mwandishi wa Mary Poppins, alivyopambana na Walt Disney juu ya kukigeuza kitabu hicho kuwa filamu. Marcel alikuwa ameshauchunguza mgogoro wa namna hii kutoka upande wa mwandishi wa kitabu, na sasa alijikuta upande wa pili. Alitaka kuuvunja mpangilio wa matukio na kuyapunguza sana mazungumzo ya riwaya, na hakuruhusiwa. Baadaye alieleza hadharani, katika mahojiano na Bret Easton Ellis, kwamba jambo hilo lilimvunja moyo hata hakuweza kuitazama filamu iliyotoka.

Mwongozaji aliyechaguliwa mwaka 2013, Sam Taylor-Johnson, alikuwa Mwingereza aliyejijengea jina katika sanaa ya picha na video kabla ya kuongoza Nowhere Boy, inayohusu ujana wa John Lennon. Yeye alimleta Patrick Marber, mwandishi wa tamthilia ya Closer, aipitie skripti na kuwafanya wahusika waongee kama watu. Mwezi Oktoba mwaka huo, Charlie Hunnam, aliyekuwa ametangazwa kwamba atamcheza Christian Grey, tajiri kijana ambaye Anastasia anampenda, alijitoa. Nafasi yake ikachukuliwa na Jamie Dornan wa Ireland ya Kaskazini, na upigaji picha ukaanza mjini Vancouver mwezi Desemba, kwa hiyo mtu aliyebeba nusu nzima ya hadithi alipewa wiki chache tu za kumfahamu mhusika wake na kumzoea mwenzake.

Yaliyotokea wakati wa upigaji yalielezwa kwa uwazi miaka mingi baadaye. Mwaka 2022 Dakota Johnson, aliyemcheza Anastasia, aliliambia jarida la Vanity Fair kwamba filamu aliyotia saini kuicheza ilikuwa tofauti sana na ile iliyotengenezwa. Kwa maelezo yake, baada ya Hunnam kuondoka James aliikataa kazi ya Marber, na kuanzia hapo ikawa vita vya kila siku. Walikuwa wakilipiga tukio kama mwandishi alivyotaka, kisha wakilipiga tena kama wao walivyotaka. Usiku wa kuamkia kazi, Johnson mwenyewe alikuwa akiyaandika upya matukio kwa kurudisha mazungumzo ya skripti iliyoachwa, ili wapate mahali pa kushika. Aliongeza kwamba hakuyajutia, lakini picha anayoichora ni ya kazi yenye mabwana wawili.

Madhara ya hali hiyo hayakuishia kwenye ugomvi. Mwigizaji humjenga mhusika kwa maamuzi yanayofuatana; akiamua leo kwamba Anastasia anaiona kejeli iliyomo katika maneno ya Christian, uamuzi huo lazima uonekane kesho katika tukio jingine. Anapolazimika kuwacheza Anastasia wawili kwa siku moja, mmoja anayeyaamini maneno hayo kwa moyo wote na mwingine anayeyatazama kwa jicho la kando, wahariri hupokea vipande vya watu wawili wenye sura moja. Miongoni mwa wahariri hao alikuwamo Anne V. Coates, aliyepata tuzo ya Oscar kwa kuihariri Lawrence of Arabia. Hata mikono kama yake haiwezi kuunganisha kile ambacho hakikupigwa kiwe kitu kimoja. Ndiyo maana ndani ya filamu hii Anastasia anakuwa mjanja na mcheshi kwa dakika kumi, kisha anazama, kisha anaibuka tena, bila hadithi yenyewe kutupa sababu.

Tukio moja linathibitisha kwamba filamu nyingine ilikuwa inawezekana. Ni lile la kujadili mkataba ambao Christian anataka Anastasia autie saini, akubali kutawaliwa naye katika mapenzi, na Johnson alisema kwamba ndilo lililosalia kutoka katika skripti ya Marber, tena kwamba ndilo bora kuliko yote. Nakubaliana naye kabisa. Katika riwaya, mazungumzo hayo yanafanyika kwenye chumba cha faragha cha hoteli, mbele ya sahani ya chaza, huku kichwa cha Anastasia kikiwa hakina nafasi kwa joto na hofu. Katika filamu yamehamishiwa kwenye chumba cha mikutano cha kampuni ya Christian, jua likiwa linazama nje ya vioo na mwanga mwekundu ukiwa umekijaza chumba. Wawili hao wamekaa kwenye ncha mbili za meza ndefu kama wajumbe wa mataifa mawili. Anastasia ameshika nakala yake na kalamu. Anakisoma kifungu kimoja, anaomba kifutwe, Christian anakubali. Anakisoma kingine, nacho kifutwe. Anauliza maana ya jambo moja kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya bidhaa, naye Christian anajibu kwa sauti hiyohiyo. Anapewa ahadi ya usiku mmoja kila wiki wa kutoka pamoja kama wapenzi wengine. Kisha Christian anapodhani kwamba sasa amemshinda, anaposhusha sauti na kuanza kumweleza angependa kumfanyia nini, Anastasia anasimama, anaufunga mkutano kwa adabu na kuondoka.

Hakuna anayemgusa mwenzake katika tukio hilo, na hakuna jingine katika filamu nzima lenye ashiki inayolifikia. Sababu yake inafaa kuangaliwa kwa makini. Mwanamke ambaye kitabuni alikuwa akitufungulia kichwa chake sasa hatuambii lolote, lakini tunamsoma kwa jinsi anavyoishika kalamu, kwa muda anaouacha kabla ya kujibu, na kwa tabasamu analolizuia. Sauti ya ndani ya riwaya imepata umbo jipya ambalo kamera inaweza kulipiga. Marber aliliacha neno la kitabu na akakifikia kiini chake, yaani udadisi wa mtu anayekijongelea kitu kinachomtisha huku akijua kwamba mlango wa kutokea uko wazi. Utamu wa tukio unatokana na kuona kwamba katika uhusiano unaodaiwa kuwa wa mtawala na mtawaliwa, anayeombwa ridhaa ndiye mwenye nguvu. Mkataba huo hausainiwi kamwe, kitabuni wala katika filamu, na hapa peke yake ndipo filamu inapoelewa uzito wa jambo hilo.

Sehemu nyingine zimetembea njia ya kinyume. Mazungumzo ya riwaya yamehifadhiwa, lakini sauti ya msimulizi iliyoyazunguka imeondolewa na hakuna kilichowekwa mahali pake. Tamko zito la Christian, kwamba yeye hafanyi mapenzi ya upole, lilikuwa na kazi yake ukurasani kwa sababu mara baada yake Anastasia alitusimulia jinsi lilivyompiga. Kwenye kioo linatamkwa na mtu aliyesimama katika chumba chenye mwanga wa kutosha, halafu kunafuata ukimya, na mtazamaji analazimika kuujaza mwenyewe, mara nyingi kwa kicheko. Ndivyo ilivyo pia anapokaa usiku kupiga piano kwa huzuni. Dornan amelaumiwa sana kwa ubaridi wake, na naona lawama hiyo imezidi. Christian wa riwaya ni mtu aliyechorwa kwa macho ya mwanamke anayemtamani. Ukiyaondoa macho hayo unabaki na orodha ya sifa, yaani tajiri, mzuri, mwenye siri, na hakuna mwigizaji anayeweza kupumua ndani ya orodha.

Kuondolewa kwa sauti hiyo kulileta jambo zito zaidi. Christian anatokea bila taarifa katika duka la vifaa vya ujenzi ambamo Anastasia anafanya kazi, akanunua kamba na utepe wa gundi. Anaiuza gari yake kuukuu bila kumuuliza na kumpa mpya. Anastasia anapokwenda Georgia kupumzika kwa mama yake, anamkuta huko. Riwaya iliyafanya matendo hayo yaonekane kama ishara za mapenzi kwa sababu msimulizi aliyatafsiri hivyo, ingawa hata huko dhamiri yake ilimnong'oneza tahadhari. Kamera haitafsiri. Inaonyesha mwanamume mwenye fedha akimfuata msichana mahali alipo, basi. Waliokuwa wakikilaumu kitabu kwamba kinaupamba unyanyasaji walipata katika filamu ushahidi ulio wazi kuliko ule wa kitabuni, na nadhani walikuwa na haki ya kuuliza walichouliza. Filamu jasiri ingelikabili swali hilo uso kwa uso, kama tukio la mkataba linavyofanya. Hii inalipita kwa haraka na kwenda kwenye helikopta ya Christian.

Matukio ya faragha yenyewe hayahitaji maelezo marefu. Studio ilihitaji alama ya R, daraja la umri linalowaruhusu walio chini ya miaka 17 kuingia wakiwa na mtu mzima tu, ili filamu ionyeshwe katika kumbi za kawaida za Marekani, kwa hiyo mipaka ilijulikana mapema. Mpiga picha mkuu, Seamus McGarvey, ameyapiga kwa ustadi, na muziki umechaguliwa vizuri. Wimbo wa The Weeknd ulioandikwa kwa ajili ya filamu uliteuliwa kuwania Oscar. Tatizo lake ni kwamba tunaitazama miili bila kujua kinachopita ndani ya wenye miili hiyo. Msikilizaji aliyekuzwa na taarabu hahitaji kuelezwa kwamba ashiki hukaa katika fumbo, katika lile linaloachwa lining'inie kati ya msemaji na msikilizaji, na filamu iliyofungwa isionyeshe kila kitu ilikuwa na nafasi nzuri mno ya kulitumia fumbo. Ilichagua kuonyesha nusu na kuinamisha kamera.

Mipaka hiyo, kwa bahati, ilipimwa kwa vipimo tofauti sana. Ufaransa iliwaruhusu vijana kuanzia miaka 12, Uingereza ikaweka 18, na nchini Kenya Bodi ya Uainishaji wa Filamu iliipiga marufuku isionyeshwe kabisa, kama zilivyofanya mamlaka za Malaysia, Indonesia na Falme za Kiarabu. Sijadili hapa uamuzi wa bodi hizo. Nasikitika tu kwamba mahali palipowekwa marufuku mazungumzo yaliishia kwenye swali la ionekane au isionekane, na filamu ikapata sifa ya ukali ambayo haikuifanyia kazi.

Mvutano wa mabwana wawili ulifika hadi neno la mwisho. Kwa mujibu wa taarifa zilizoandikwa wakati huo katika magazeti ya tasnia, mwongozaji alitaka filamu ifungwe kwa Anastasia kulitamka neno “nyekundu”, ambalo wawili hao walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo kwamba likisemwa kila kitu kinasimama. James alilikataa na kutaka amkataze kwa maneno ya kawaida, na rai yake ndiyo iliyopita. Tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo kwa asiyejali ufundi wa hadithi, lakini kwangu ndipo kisa kizima kinapoonekana. Neno la makubaliano lingeichukua sheria ambayo Christian mwenyewe aliiweka na kuirudisha mkononi mwa Anastasia. Angekuwa anatoka katika uhusiano huo kwa kuutumia mlango ambao mkataba ulimpa, nasi tungekumbuka ile meza ndefu na kalamu. Badala yake anamzuia asimfuate kwenye lifti, wanatajana majina, milango inafunga, na hadithi inakatika kama sura ya mtandaoni inayoahidi nyingine kesho. Kitabuni mkato huo ulikuwa na faida, maana juzuu ya pili ilikuwa inangoja. Ukumbini, mwaka 2015, juzuu ya pili ilikuwa bado miaka miwili mbele.

Mwaka uliofuata filamu ilitunukiwa tuzo tano za Razzie, zinazotolewa kwa kazi mbovu za mwaka, zikiwamo za mwigizaji wa kike na wa skripti. Ile ya skripti iliandikwa jina la Kelly Marcel, aliyekuwa amezuiwa kuandika alichotaka, na ile ya mwigizaji ikapewa Johnson, ambaye kwa uchekeshi na uhai wake aliibeba filamu karibu peke yake. Naziona tuzo hizo mbili kuwa dhuluma. Taylor-Johnson hakurudi kwa filamu zilizofuata, na mwaka 2017 alisema kwamba kama angejua yatakayokuja asingeianza kazi ile.

Filamu mbili zilizokamilisha mfululizo, za mwaka 2017 na 2018, zilipigwa kwa mfuatano chini ya James Foley, na skripti zake ziliandikwa na Niall Leonard, mume wa E L James. Safari hiyo hapakuwa na mabishano ya kuonekana kwenye kioo: dira ilikuwa moja, na ilikuwa ya mwandishi. Mapato yalishuka kutoka dola milioni 570 hadi 381, kisha 372, ingawa kila moja iligharimu zaidi ya ile ya kwanza. Ni filamu zilizonyooka kuliko iliyotangulia, na katika zote mbili sikuona tukio hata moja la kuwekwa karibu na lile la mkataba. Kama ningeombwa kumwonyesha mwanafunzi wa uandishi wa filamu kitu kimoja kutoka katika saa zote za mfululizo huu, ningempa tukio hilo pamoja na kurasa za riwaya zinazolingana nalo, nimwombe aorodheshe kila sentensi ambayo Marber aliiacha.